Makofi Kumi na Mawili ya Mkekani

Ilikuwa mwaka 2014, majira ya baridi, siku ya Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni, mshonaji mmoja wa sare za shule alipovua viatu mlangoni mwa ukumbi wa jujitsu ya Kibrazili. Alivipanga sambamba na ukuta, kisha akavipanga na vya wenzake, vilivyokuwa vimetupwa ovyo. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu. Hakuja kujifunza kupigana. Alikuja kumkomesha mdogo wake ubishi.

Mdogo wake alikuwa kinyozi. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akijifunza mchezo huo katika ukumbi huohuo, hata jioni moja akarudi nyumbani kiwiko cha kulia kimegeukia upande usio wake. Tangu siku hiyo mkono ule haukuweza kushika mashine ya kunyolea, na kinyozi akawa mfagia nywele katika duka lake mwenyewe. Siku ya nne ikaja barua ya mwalimu: mwanafunzi hakupiga mkeka.

Sheria ya kwanza ya mchezo ule ndiyo hiyo. Aliyezidiwa hupiga kofi mkekani, au mwilini mwa aliyemkamata, naye huachiwa papo hapo.

"Nilipiga, dada," kinyozi alisema.

"Barua inasema hukupiga. Mwalimu mzima akuzulie uongo wewe, kwa lipi? Kiburi chako ndicho kilichokuvunja."

Maneno hayo aliyarudia miaka miwili, asubuhi wakinywa chai na jioni wakila, mpaka akaapa kwenda mwenyewe kumwonesha kwamba mkono wa mtu mwenye adabu hauvunjiki.

Siku ya kwanza alifundishwa kuanguka, kisha kujivuta kiubavu juu ya mkeka toka ukuta huu hadi ule, magoti yakilia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Alipewa mshirika, mpeleka barua wa mtaani kwao, mtu mpole mwenye masikio yaliyovimba kwa kusuguliwa miaka mingi.

"Pumua, dada," mpeleka barua alimwambia. "Unanikaba kama nimekuibia kitambaa."

"Ukiibiwa wewe, utapumua?"

Kisha mpeleka barua akaukamata mkono wake, akaubana kati ya mapaja, akainua nyonga taratibu. Mshonaji alihisi kiwiko chake kikiuliza njia. Akapiga kofi moja. Aliachiwa kabla mlio haujafika ukutani.

Usiku huo alimhadithia kinyozi kwa ukamilifu. "Kofi moja tu. Umeona?"

"Nimeona, dada," kinyozi alijibu, akaendelea kuokota punje za wali kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi aliwahi kuondoka, kwa kuwa alikuwa na sketi za kumalizia. Jumanne iliyofuata, mazoezi yalipokwisha, mpeleka barua alikuwa amechanika bega la koti. Mshonaji hakuweza kuutazama mshono uliofumuka akanyamaza. Alitoa sindano, akaketi kwenye benchi, akaanza kushona. Watu wote walikuwa wametoka mkekani. Ndipo mkeka ulipoanza kupiga.

Ulirudisha makofi yote ya jioni ile, moja baada ya jingine, kila moja mahali pake lilipopigwa. Mwalimu alikuwa akikunja mikanda ya kuazimisha. Mwingine alikuwa akitafuta soksi.

"Hurudisha," mpeleka barua alimweleza. "Kofi lililojibiwa hulirudisha mara moja, likaisha. Lile lako ndilo hilo, karibu na nguzo."

Mshonaji alisikiliza kofi lake, akaona kwamba lilipigwa vizuri. Akavuta uzi. Mkeka ukanyamaza kidogo, kisha katika pembe ya dirishani ukaanza tena, kwa haraka, bila kupumzika. Kwa mazoea ya kuhesabu vifungo, mshonaji alihesabu: kumi na mawili. Kwa kila kofi, alama ya kiganja cha kushoto ilididimia katika mkeka, ikafutika, ikadidimia tena. Kidole cha mwisho cha kiganja hicho kilipinda kwa nje.

Kidole hicho cha mdogo wake alikipinda yeye mwenyewe, alipokuwa na umri wa miaka tisa, kwa kufunga mlango wa kabati bila kutazama nyuma.

Sindano ilimchoma, asiisikie. Mkeka haukumshtua. Alishtushwa na mtu yule aliyeendelea kutafuta soksi.

"Mwalimu," aliita, "kiganja kile ni cha nani?"

"Cha mdogo wako, mama."

"Uliandika kwamba hakupiga."

"Niliandika siku ileile. Siku ile sikuwa nimemsikia."

"Na sasa?"

"Sasa namsikia kila Jumanne na Alhamisi." Mwalimu alikunja mkanda wa mwisho, akauweka juu ya mingine.

"Basi andika nyingine."

"Ile imeshakwenda, mama," mwalimu alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto habari ya treni.

Mshonaji alimgeukia mpeleka barua. "Na wewe ulikuwapo?"

"Sote tulikuwapo, dada. Mtu huzoea. Barua ile niliileta mlangoni kwenu mimi mwenyewe. Ulinipa maji ya kunywa."

Mshonaji alikata uzi kwa meno, akamkabidhi koti lake. Mshono ulikuwa umenyooka, kwa maana kazi ni kazi. Nyuma yake mwalimu alizima taa na kumkumbusha kila mtu kwamba Alhamisi watarudia kufuli la mkono, ule mbano wa kiwiko.

Kinyozi alikuwa amefunga duka. Alikuwa jikoni, ameubana mkate ubavuni kwa mkono mbovu, akiukata kwa mkono wa kushoto. Dada yake hakuvua hata skafu.

"Makofi kumi na mawili," alisema. "Nimeyahesabu."

Kinyozi aliweka kisu chini.

"Kumi na matatu, dada. La kwanza nilimpiga mwalimu pajani. Aliniangalia."

Mshonaji, ambaye hakuwahi kumpigia magoti mtu aliyezaliwa baada yake, alipiga magoti juu ya sakafu ya jikoni, akakishika kile kiganja chenye kidole kilichopinda. Hakuweza kumrudishia mkono, wala hakujisumbua kuahidi. Deni lake yeye lilikuwa jingine, na idadi yake aliijua.

"Ulisema kweli," alimwambia.

Akarudia, akihesabu kimoyomoyo, bila kuruka hata mara moja, mpaka ya kumi na tatu.