Cheti cha Kumshtaki Mama Mkwe

Gaudiose hakwenda kwa daktari wa meno kutafuta dawa tu. Alikwenda kutafuta cheti. Alitaka karatasi yenye muhuri, iseme wazi kwamba mwanawe Evarist, mtoto wa miaka sita, hana meno kwa sababu bibi yake alimharibu. Karatasi hiyo angeiweka mbele ya wazee wa kijiji pale Katumba, halafu tuone huyo Imakulata, mama mkwe wake, atauficha wapi uso.

Na msimwone mkorofi, kisa alikuwa nacho. Evarist alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa kali, na siku hiyo Gaudiose alikuwa amekwenda Mpanda mjini kuuza mihogo. Miaka ile kila mtu alikuwa anaimba meno ya plastiki, meno ya plastiki: eti watoto wanaota ndani ya ufizi vijino vyeupe laini vinavyoleta homa na kuharisha, na visipong'olewa mtoto hafiki kesho. Imakulata akambeba mjukuu mbio mpaka kwa mganga, mganga akamchimba fizi kwa spoki ya baiskeli. Homa ikapoa baada ya siku mbili, lakini meno nayo yakagoma kuota. Wenzake walipoanza kutafuna mahindi, Evarist alikuwa na vijino viwili tu vya juu, vimechongoka, na chini ufizi mtupu. Watoto wakamwita kibogoyo. Shule hakutaka hata kuisikia.

Tangu siku ile ya spoki, miaka mitano mizima, Gaudiose hakukanyaga kwa mama mkwe wake. Nyumba mbili, uwanja mmoja, na salamu ya kuvutana. Révérien, mumewe, alijaribu kuwapatanisha mpaka akachoka, akawa anakula huku na kule kimya kimya asije akamkosea mtu.

Daktari mwenyewe aliitwa Danford. Alikuwa anakuja kwa treni kutoka Tabora kila baada ya wiki tatu, anafungua chumba kimoja mtaa wa Makanyagio, pale Mpanda mjini. Gaudiose alimmwagia yote: spoki, mganga, mama mkwe, na cheti anachokitaka. Danford alisikiliza mpaka mwisho, akampapasa Evarist fizi, akamgusa vinywele vyake vichache, kisha paji la uso. Lilikuwa la moto na kavu kabisa, ingawa walikuwa juani juu ya baiskeli tangu asubuhi.

"Huyu mtoto hutokwa na jasho?"

Gaudiose alifikiri. "Sijawahi kuliona. Akikimbia kidogo tu anachemka."

"Na wewe mama, hebu fungua mdomo."

Alishangaa, ila akafungua. Sasa, Gaudiose alikuwa na mwanya, mwanya wa kutajwa, na Révérien mwenyewe husema ndio uliomfunga miguu. Danford hakuusifu. Alimchungulia kwa kioo chake kidogo, akamwambia taratibu kwamba pale pana meno mawili ambayo hayakuota kabisa, na la pembeni limechongoka vilevile kama ya mwanawe.

"Sikiliza, mama. Yule mganga alifanya vibaya sana, mtoto angeweza kufa kwa kile kidonda. Lakini meno haya hakuyang'oa yeye. Hayakuwepo. Evarist alizaliwa hivi: meno machache, nywele chache, ngozi isiyotoa jasho. Ni ugonjwa adimu wa kurithi, unapitia kwa mama. Wewe umekugusa kidogo, mtoto wa kiume unamshika sawasawa. Kwenu hakuna mwingine?"

Alitaka kusema hakuna. Halafu akamkumbuka Jean Bosco, kaka yake mdogo, kichwa karibu kipara na meno mawili, aliyekufa kwa homa kiangazi kile walipofika tu, wakimbizi kutoka Burundi.

"Si kosa lako," Danford akasema. "Hukuchagua. Akianza kuchemka mmwagie maji, mvalishe shati lililoloweshwa. Meno nitamtengenezea."

Akajaza kibati kitu laini kama ugali wa moto, akakibana kwenye fizi za Evarist kuchukua umbo, mtoto akakukurika hadi machozi. Walipomaliza, Danford akavuta kalamu. "Na cheti?"

"Acha tu," Gaudiose akasema.

Wiki tatu alikaa na hilo jambo moyoni. Nani angejua? Daktari ni wa Tabora, mumewe hakuuliza sana. Kila alfajiri Imakulata alipita uwanjani na jembe, kichwa chini, na Gaudiose alijificha nyuma ya mlango mpaka apite. Aliona aibu, na aibu ile ilimnyima usingizi kuliko hasira ya miaka yote.

Meno yakaja, madogo, yakamkaa Evarist vizuri. Danford akamfundisha kuyaosha na kuyavua akilala, akasema yatakapombana watatengeneza mengine. Njia nzima mtoto aliyagonganisha nyuma ya baiskeli, ka, ka, ka, akicheka peke yake.

Nyumbani majirani wakajaa. Helena wa nyumba ya tatu akapaza sauti makusudi, ifike ng'ambo ya uwanja: "Afadhali daktari ametengeneza alichoharibu bibi."

Imakulata alikuwa mlangoni kwake, anapepeta mchele. Alisikia. Hakuinua macho.

Gaudiose angeweza kunyamaza. Alimshika mwanawe mkono, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akapiga magoti. "Mabukwe," akamwita kwa Kirundi chao, mama mkwe wangu. Akamweleza yote, na habari za Jean Bosco.

"Si mimi?" Imakulata akauliza.

"Si wewe."

"Si ile spoki?"

"Si spoki. Yametoka kwetu. Yametoka kwangu."

Bibi akaweka ungo chini.

"Miaka mitano sijapokea komunyo," akasema. "Padri ananiambia nimeshasamehewa. Mimi namwambia nitapokea siku mama yake mtoto atakaponisamehe."

Gaudiose alibaki pale chini, ameshika miguu ya mama mkwe wake, analia, huku Evarist akimwuliza bibi kama ana karanga.