Mistari Miwili ya Popo

Tangu Popo azikwe, mkewe alikuwa akila kwa sababu sahani iko mbele yake, na kulala kwa sababu kumekuwa giza. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Waliokuja kumpa pole walimsifu kwa ujasiri, naye akawaitikia ahsante, maana kuwaeleza ni kazi. Ujasiri wapi! Mguu uliokufa ganzi ukichomwa sindano, mwenyewe asipolia humwiti shujaa.

Jina la Popo alipewa kazini, kwa kuwa zamu yake ilikuwa ya usiku: kukaa ndani ya kuba la darubini, kuielekeza kwenye nyota moja, na kungoja mwanga wake ujikusanye kwenye kifaa. Mkewe alikuwa wa mchana, ofisi ya chini. Yeye ndiye aliyeusoma ule mwanga ukishatawanywa na kioo ukawa utepe wa rangi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Ndani ya utepe kuna mistari, na kila mstari una mwenyewe: huu wa chuma, huu wa kalsiamu, ule wa hidrojeni. Hakuna aliyewahi kufika kwenye nyota akachota kijiko kimoja, lakini mwanga huja umebeba habari zote. Wafanyakazi wenzao waliwatania kwamba ndoa ile imedumu kwa sababu mume na mke hawaonani.

Mwaka huu Profesa, mkuu wa kituo, aliamua kukagua ncha nyekundu ya tepe za zamani, sehemu ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Akakuta kwenye nyota moja hafifu mistari miwili myangavu ya potasiamu. Ilionekana usiku mmoja, ikapotea, ikarudi baada ya miezi. Profesa hakuweza kutulia kitini. Nyota inayotema potasiamu! Barua ya kuutangazia ulimwengu iliandikwa, jina la marehemu likiwa la kwanza, na kibao cha shaba chenye jina hilo kingebandikwa mlangoni mwa kuba. Kilichobaki ni mjane kupima mistari na kutia sahihi. Nyumbani, mama mkwe, aliyehamia kwao tangu msiba, alishawatangazia majirani wote. Popo alikuwa mwanawe wa pekee.

Mjane alipima Jumatatu asubuhi. Nyota ile inatukimbia, na nyota ikitukimbia mistari yake yote husogea kidogo upande wa nyekundu. Chuma kilikuwa kimesogea. Kalsiamu ilikuwa imesogea. Potasiamu ilikuwa palepale inapokaa ikichomwa maabara. Alipima tena. Akafungua tepe za nyota nyingine tatu, zilizo mbali kabisa na ile, na mistari miwili ikawemo, palepale. Kitu cha nyota lazima kikimbie pamoja na nyota. Hiki hakikukimbia kokote, kilizaliwa humu humu ndani ya kuba.

Alipanda ngazi hadi kwa fundi wa mitambo, aliyekuwa rafiki wa Popo.

"Shemeji, una kiberiti?"

Fundi alikitoa mfukoni. "Cha nini?"

"Washa njiti moja mbele ya mwanya wa kifaa."

Aliwasha. Kwenye skrini mistari miwili ikasimama wima. Kichwa cha njiti kina potasiamu, jambo alilolijua mjane tangu chuoni.

"Kwa hiyo alikuwa anavuta humu."

"Shemeji, baridi ya humu ndani, na mtu yuko peke yake..."

"Daktari alimwambia sigara zitammaliza. Akaniapia ameacha. Miaka mitatu nimekuwa nikinusa mashati yake."

"Alikuwa na koti la kuvutia sigara," fundi alisema, macho kwenye viatu vyake. "Liko nyuma ya ngazi."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mjane hakwenda kulitazama koti. Alisimama akingoja uchungu uje, ukakataa, akashuka.

Profesa alisoma vipimo, akasikia habari ya kiberiti, akavua miwani. "Tuseme kifaa kilipata hitilafu," alisema kwa upole. "Tumsitiri mwenzetu. Kibao tutakiweka, kwa utumishi wake."

"Tukisema kifaa kibovu, nani ataamini tepe zake nyingine? Miaka kumi na sita yote tutakuwa tumeitupa jalalani." Akaandika: *Moto wa kiberiti, ndani ya kuba. Vipimo vingine vyote ni sahihi.* Akatia sahihi.

Nyumbani alimkuta mama mkwe akipiga pasi gauni la sherehe.

"Wamesema lini, mwanangu?"

"Hakuna sherehe, Mama. Mwanga ule haukuwa wa nyota. Ulikuwa kiberiti. Mwanao alikuwa anavuta sigara kazini, kwa siri."

Mama mkwe aliisimamisha pasi. 

"Siri kwa nani?" aliuliza. "Sigara nilikuwa namnunulia mimi. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Nikamwambia, ngoja mkeo ajue, utaniambia. Akacheka. Akasema, 'Mama, yule anajua. Mwanga wa kuba lote unapita mikononi mwake. Angetaka niache angesema.'"

Mjane alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Miaka mitatu tepe zile zilipita mezani pake, na kila mara alisoma hadi pale kazi ilipomtaka aishie, akaifunga ile ncha nyekundu bila kuiangalia. Kule juu mtu alikuwa akiwasha njiti, akingoja aambiwe neno.

Ganzi ilimtoka yote mara moja, na iliuma kama inavyouma ganzi ikitoka.

"Sikujua, Mama," alisema. "Haki ya Mungu, sikutazama."

Mama mkwe alichomoa waya wa pasi ukutani, akavuta kiti, akakaa naye.