Kapasita Iliyopigiwa Kura

Hyasinta aliitoa kapasita, kifaa cha kutunza chaji ya umeme, kwenye kikaratasi, ndogo kama punje ya mchele, akaiweka mezani. Mkurugenzi Stanislausi alivaa miwani, akaitazama, akaivua miwani.

"Hii ndiyo imlinde Revocatus?"

"Ndiyo, Mkurugenzi. Pikofaradi mia na hamsini."

Jamani, kamati nzima ya kiwanda cha pamba pale Nyasura ilicheka! Wajumbe saba, soda saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua redio. Revocatus, aliyekuwaga anaingiza mikono kwenye mashine ya kufunga marobota kutoa pamba iliyokwama, hakucheka. Mwezi uliopita mwenzake Fredy aliacha humo vidole viwili, ndiyo maana Hyasinta aliitwa kutoka Musoma afunge kihisi: mlango wa chuma ukiwa wazi, mashine isishuke.

Hyasinta akawaeleza polepole. Ukiifunga koili, ule waya wa kihisi unaonusa chuma cha mlango, kapasita kubwa mno, mawimbi yake yanakuwa mazito, chipu ya kihisi haiyasomi. Na ukipandisha usikivu kupita kiasi, kihisi kitasema mlango umefungwa hata ukiwa wazi.

"Ahsante kwa somo," alisema Mama Dafroza wa manunuzi, akatoa mkobani kapasita ya feni iliyojaa kiganja. "Hii sasa ina mwili."

Kura saba kwa sifuri. Mipangilio ya usikivu nayo ikapigiwa kura: yote juu, eti kiwanda kikubwa hakibanii. Muhtasari ukasainiwa. Hyasinta alikasirika mpaka masikio yakamuwaka moto. Akafunga walichotaka, akauacha mlango wazi, akatupia muhogo ndani.

Mashine ikashuka. Muhogo ukawa uji.

"Muhogo hauna mafunzo ya usalama," alisema Mkurugenzi. "Revocatus anayo. Ajaribu yeye."

"Hajaribu!" Hyasinta alisimama mbele ya Revocatus. "Aliyesaini ndiye aingize mkono. Karibu, Mkurugenzi."

Loh! Mkurugenzi alikunja mkono wa shati, akaukunjua. Mwisho akamnong'oneza, "Haya binti, funga hiyo punje yako. Ila muhtasari ukishasainiwa hatuufutagi."

Alifunga, akashusha mipangilio. Mlango wazi, mashine ikagoma kabisa. Mlango ulipofungwa, ikashuka. Wajumbe wakapiga makofi, wakapongezana kwa uamuzi wa busara. Revocatus aliishika mikono ya Hyasinta.

Hyasinta alikuwa getini anaondoka Mama Dafroza alipomfuata, uso umejaa furaha.

"Mwanangu, na wenzetu wa kiwanda cha Butiama, wenye mashine kama yetu, wametufuata! Kapasita nilinunuaga mbili, ya pili nikawapelekea jana. Muhtasari nimewatumia kwa simu ulivyosainiwa tu. Fundi wao kafunga kihisi na kila kitu kama tulivyopitisha. Matiko, anayetoaga pamba iliyokwama kule, anawasha mashine saa hizi."

"Nipe namba yake! Upesi, mama!"

Simu iliita, ikaita. Ilipopokelewa, mngurumo wa mashine ulijaa sikioni.

"Matiko!" Hyasinta alipiga kelele. "Mikono yako iko wapi?"