Madaftari ya Wino wa Kijani

Mwaka uliopita fundi cherehani aliugua maambukizi ya njia ya mkojo mara sita. Mara ya mwisho maabara ilionyesha kwamba antibiotiki mbili kati ya tatu alizozoea hazimsaidii tena; iliyobaki ilikuwa ya sindano. Kibanda chake hakina choo na wateja hawapendi kusubiri, kwa hiyo kunywa maji kidogo na kubana mkojo kulikuwa sehemu ya kazi.

Ndiyo maana alijiunga na utafiti. Wanawake themanini walipewa pakiti za unga wa kukoroga kwenye maji moto, kikombe asubuhi na kikombe jioni, kwa miezi sita. Nusu yao walipata mitishamba ya Kichina inayotumiwa huko China kwa tatizo hilo tangu zamani. Nusu walipata unga wenye rangi na uchungu uleule, usio na dawa. Nani alipata upi, hata daktari hakujua. Kila mmoja aliandika kila siku kama amekunywa na kama mkojo umemchoma. Ambaye angeonekana ameruka dozi zaidi ya kumi angetolewa, na asingeendelea kupewa pakiti.

Fundi alikuwa ameruka kumi na tisa.

"Wifi, mbona umelikumbatia hilo daftari kama mtoto mgonjwa?" aliuliza dada wa mume wake, aliyekaa naye kwenye benchi la kliniki siku ya kurudisha madaftari. Naye alikuwa kwenye utafiti. "Wanataka alama za vema, wape alama za vema."

"Siku nyingine sikunywa."

"Nani atakuja jikoni kwako kuhesabu?"

"Nimeshahesabu mwenyewe."

"Haya, mtakatifu. Wakikurudisha kwenye sindano usije kunililia."

Wifi yake akavuta kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye meza ya mapokezi, akaanza kujaza daftari lake.

Fundi alipoingia, muuguzi alilifungua daftari lake. Kulikuwa na wino wa bluu, mweusi, penseli, na siku mbili zilizoandikwa kwa chaki ya kushonea. *Sikunywa, sare za shule. Sikunywa, umeme umekatika. Imechoma kidogo, ikaacha.*

"Kumi na tisa," fundi alisema. "Nilitaka kudanganya, mkono ukakataa. Nesi, mnanitoa?"

Muuguzi alichukua fomu ya kumtoa. Alipoliweka daftari juu ya mengine, aliona jinsi lilivyokuwa chafu. Akafungua la chini yake: lilikuwa la wino wa kijani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. La tatu, kijani. Kalamu ya kijani ya pale mapokezi aliinunua yeye mwenyewe, akichagua rangi ambayo hakuna mtu angeiiba. Alimwomba fundi asubiri, akayapitia yote. Kati ya madaftari sitini na matatu yaliyokwisha kurudishwa, hamsini na manane yalikuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho.

Aliyabeba kwa daktari pamoja na fomu.

"Kumi na tisa? Mtoe," daktari alisema. "Kanuni tumeiandika wenyewe."

"Sawa. Ila kwanza angalia wino."

Daktari aliangalia. Alifungua la kumi, la ishirini, kisha akaacha kufungua.

"Miezi sita," alisema.

"Miezi sita iliyoandikwa kwa dakika kumi. Vipimo vya mkojo ni vya kweli, lakini hatujui nani alikunywa. Huyu tunajua. Ndiye unayetaka nimtoe."

Daktari alitoka mpaka kwenye benchi, akauliza nani alijaza daftari nyumbani. Wanawake walitazamana.

"Dokta, tulikuwa tunakusaidia," wifi akasema. "Ulituambia kazi hii ni muhimu sana kwako." Benchi zima likacheka. Daktari hakucheka, lakini hakumkaripia mtu. Alikumbuka kwamba aliwaambia hivyo, kwa maneno hayohayo.

Alirudi ndani, akaichana fomu. Kanuni ya dozi kumi ilikuwa imewafundisha wanawake kudanganya, alisema, na angeifuta. Utafiti ungeanza upya. Safari hii kila mmoja angepigiwa simu jioni, na kusema "sikunywa" kungekuwa jibu kama mengine.

"Kwa hiyo nimebaki?" fundi aliuliza.

"Umebaki," muuguzi alisema.

Fundi alishusha pumzi. "Na dawa yenyewe inatibu?"

"Hatujui."

"Mimi nimekuwa nikinywa ipi?"

"Hatujui pia."

"Lakini miezi sita sijalala na homa hata mara moja!"

"Na kwa miezi hiyohiyo umeongeza karibu vikombe viwili vya maji kwa siku. Huenda ni mitishamba. Huenda ni maji."

Fundi alifikiri. "Na choo. Siku hizi nafunga kibanda naenda kwa jirani. Wateja wananuna, nawaacha wanune. Hilo mnaliandika wapi?"

Muuguzi alitazama daftari jipya. Hapakuwa na mahali. Alichukua rula, akachora safu moja zaidi pembeni ya ukurasa, kisha akamnyooshea kalamu ya kijani.

"Hiyo mwachie wifi," fundi alisema, akachomoa penseli kwenye nywele zake.