Chupa ya Maji Matupu

Jamani, Dokta Fauzia alikuwa na dharau! Ulaya alipata udaktari wa kemia, akabaki kwenye maabara ileile akiendelea na utafiti, na mwaka wa sabini na tatu akatumwa kwao Mtwara kukusanya chaza wa mdomo wa Ruvuma. Alitaka kujua wana madini gani mwilini, hata yale machache mno yanayogunduliwa tu na mashine moja kubwa huko Ulaya, inayopambanua chembe kwa uzito wake. Msaidizi wake alikuwa Petro, bwana mmoja wa Newala mwenye digrii moja. Digrii moja! Fauzia akiitaja alibinua midomo kama aliyelamba shubiri.

"Usiguse!" alimfokea kutwa katika chumba walichopewa mtaa wa Shangani, hapo Mtwara. "Utajaza chupa zangu uchafu wa kwenu."

Petro aliweka mikono nyuma. Alikuwa akingoja nafasi ya kwenda kusoma kwenye maabara ile, na neno la Fauzia ndilo lingempeleka au kumkwamisha.

Majibu ya chupa za kwanza yakaja kwa simu ya maandishi: madini ya risasi tele, hata wenye mashine wakauliza kama chaza hao wametolewa baharini au gereji. Fauzia hakujiuliza mara mbili. Akamwambia mkubwa wao kwamba Petro ni mchafu, hafai kupelekwa popote. Petro akahamishiwa bandarini, kukagua magunia ya korosho.

Fauzia akakusanya chaza upya, akawapasua peke yake, na pamoja nao akatuma chupa ya maji matupu yaliyosafishwa. Ndiyo desturi ya kazi ile: maji yakikutwa na madini, basi aliyeyashika ndiye aliyeyatia madini hayo.

Maji yakakutwa na risasi kuliko chaza.

Aliyasoma majibu hayo kasimama. Jasho likamtiririka, akajifuta jicho kama alivyozoea, kidole kikatoka cheusi. Wanja! Wanja wa jiwe, aliotwangiwa na shangazi yake Mwanaamina wa Mikindani, na jiwe lenyewe, msomi wetu alilijua fika kutoka vitabuni, lilikuwa na risasi tele. Kutwa kujifuta jicho, kutwa kushika chupa, na glavu alizidharau, eti ni za wanaojifunza. Aibu ikamshika mpaka masikio yakamwaka moto.

Mara Petro akabisha hodi, amekuja kurudisha ufunguo. Nafasi yake ya kusoma Ulaya ilikuwa bado haijapewa mtu mwingine. Fauzia angempigia mkubwa wao simu tu, mambo yangekwisha.

"Majibu yako yamekuja, Dokta?"

"Yamekuja." Akauficha mkono nyuma ya gauni. "Safi kabisa. Sasa si unaona mchafu alikuwa nani?"

Petro akainamisha kichwa, akauweka ufunguo mezani.

"Basi nisamehe, Dokta. Nimekuharibia kazi yako."

"Nimekusamehe," akasema Fauzia.