Nyamazeni, Samaki Wanasikia

Baba yangu, mzee Asajile, hakuzaliwa na kipaza sauti mkononi, lakini siku alipopewa kimoja tuliona wazi kwamba mkono ulikuwa unakisubiri.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Kampuni moja ya sabuni kutoka Dar ilifika kwetu Isongole na mashindano ya kuvua samaki, wale wenye madoa walioletwa mtoni na Wazungu zamani. Kiingilio, makaratasi matatu ya sabuni. Atakayevua samaki mkubwa kuliko wote angepewa cherehani, tena angekabidhiwa mbele ya watu na mwenyekiti wa kijiji, wapigwe picha ya gazetini. Mwenyekiti ndiye baba. Wiki nzima alishinda akinyoosha suti kwa pasi ya mkaa.

Aliyeitaka cherehani ile kwa moyo wote ni wifi yangu Atuganile. Kaka yangu Lutufyo alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha chai kilipopata mwenyewe mpya, sasa anashinda akiyatazama matuta ya viazi kana kwamba ndiyo yaliyomfukuza. Atuganile alifundishwa kushona na masista kabla hajaolewa. Ufundi anao, mashine hana. Kuvua nako anakujua, maana kwao Kinyala alikua akivua na kaka zake. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: baba.

Msidhani walikuwa na ugomvi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia shambani au anajifunika khanga mpaka mzee apite. Atuganile ameolewa kwetu miaka saba na hajui kama baba ana meno. Basi siku ya mashindano, baba akiwa jukwaani, yeye alichukua fimbo yake ya mwanzi akapandisha na mto mpaka nyuma ya kona. Mimi nikamfuata na kikapu.

Kule chini jukwaani ilikuwa kama harusi. Watu walijaa ukingoni bega kwa bega, ndoano zikinasa mashati ya majirani. Spika zilipiga muziki wa kampuni tangu asubuhi. Mpaka mchana hakuna aliyepata hata kijisamaki cha kumpa paka. Baba akaijua sababu, maana si mjinga. Akafungulia kipaza sauti mpaka mwisho.

"Mwe bandu! Enyi watu, nyamazeni! Samaki wanasikia!"

Mlima ukaitikia.

"Nasema kimyaaa! Wewe mwenye kofia, acha kukanyaga kwa kishindo! Samaki ana aibu, samaki si mbuzi!"

Kila alipoamuru kimya watu walicheka, na kila walipocheka aliamuru zaidi. Hata sisi kule juu tulimsikia barabara.

Samaki nao walimsikia, wakahama. Niliwaona kwa macho yangu wakipanda kuja kwenye kidimbwi chetu, mmoja mmoja, kama waumini wanaotoka kanisani mahubiri yakizidi urefu. Atuganile alikuwa amesimama peku ndani ya maji baridi, hasemi, hatikisiki. Nilipotaka kupiga chafya alinikata jicho, nikaimeza. Kisha fimbo ikapinda. Samaki aliyetoka alijaza kikapu, mkia ukabaki nje.

Nilishangilia peke yangu. Wifi yangu alikuwa analia.

"Sasa nani atampeleka, wifi?" akaniuliza.

"Mimi hapa."

Nikampeleka. Bwana wa kampuni akampima, akatabasamu, akauliza mvuvi yuko wapi. Nikamweleza mila yetu. Akatikisa kichwa. Mvuvi mwenyewe aje apokee zawadi kwa mwenyekiti, vinginevyo cherehani inarudi Dar.

"Mila zenu nzuri, dada," alisema, "lakini hili ni soko huria."

Ningempiga na yule samaki. Baba alikuwa amesimama pale pale, akayasikia yote. Akamtazama samaki, akaitazama cherehani, akaitazama suti yake. Najua picha ile aliitaka kuliko alivyoutaka uenyekiti. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akakizima kipaza sauti.

"Tupokigwe," akaniambia kwa sauti ya nyumbani, "kamwite mwenzio."

Akavuta kitambaa kirefu cha tangazo kilichofunika meza, akajifunika gubigubi kuanzia kichwani.

Nikamleta Atuganile, khanga usoni, nimemshika mkono. Mbele ya lile tangazo lililosimama akapiga magoti. Mikono miwili ya mzee ikatoka chini ya kitambaa, ikapapasa mezani, ikaisukuma cherehani mpaka ikamgusa. Hakuna aliyecheka. Nilitazama watu nikaona wanawake wazima wanafuta machozi. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka tukausikia mto, na samaki mmoja akaruka mbele kabisa ya jukwaa. Hakuna aliyeikumbuka ndoano yake.

Picha ilitoka gazetini: samaki, cherehani, khanga, na tangazo la sabuni lililovaa viatu. Kampuni ilifurahi mno.

Nguo ya kwanza aliyoishona Atuganile ilikuwa shati la baba mkwe wake. Vipimo ilibidi nichukue mimi, maana fundi haruhusiwi kumwona mteja. Kifua nilimpelekea sawasawa, na mikono sawasawa. Shingoni nilipunguza inchi moja, makusudi. Baba hulivaa kila Jumapili, kifungo cha juu amekifunga, na humsifia mkamwana wake kwa kila anayekutana naye, kwa sauti ya chini.