Kitanda cha Nesi Asia Kinashuka Mlima

Kitanda cha nesi Asia kilikuwa kimeshavuka mto wa kwanza, vichwani mwa wanawake wanne, na mwenyewe alikuwa anakifuata kwa shingo upande. Nyuma yake zilikuja sufuria, kiti, tetea wake, kila kitu na mbebaji wake. Kijiji kizima cha Luhangazi kilikuwa kinamhamisha.

Amri ilitoka kwa Ndugu Richard, mkubwa wa tarafa. Asia alisimama mkutanoni akauliza godoro la wodi ya wazazi ya zahanati linafanya nini nyumbani kwa mkubwa. Haikupita wiki, akapewa uhamisho wa Gairo, eti kwa manufaa ya umma. Gari la mizigo hakupewa.

"Tunajitegemea," alisema Richard. "Wananchi watabeba bure, wote pamoja, kwa msaragambo."

Hapo ndipo alipojikwaa. Msaragambo wa kuchimba mtaro wa zahanati, watu wa Luhangazi huumaliza jua halijakolea. Msaragambo wa shamba la mkubwa, wanaume watatu hupokezana jembe moja, na wawili wanapiga soga. Huu wa kumwondoa mkunga wao waliuweka fungu la pili.

"Tupumzike," alisema Mwanaidi, kiongozi wa wabebaji, mama wa mapacha waliozaliwa mikononi mwa Asia.

"Si tumepumzika sasa hivi, dada?" aliuliza mwenzake.

"Tulipumzika sisi. Kitanda je?"

Asia alicheka mpaka akakaa chini. Shauri lake la kupinga uhamisho lilikuwa Mahakama Kuu, limepelekwa na Vijaya, wakili mpya, binti wa mzee Chandulal muuza vitambaa wa mjini. Vijaya alikuwa amemwonya: "Dada Asia, ukisharipoti Gairo watasema umekubali. Jaji anakuja Morogoro. Usiwe na haraka."

Basi wakala kwa shangazi wa huyu, wakalala kwa mjomba wa yule. Tetea akataga njiani. Walipoingia mjini Morogoro na kitanda chao, Jaji alikuwa ameshafika.

"Ulimhamisha kwa sababu gani?" Jaji alimuuliza Richard.

"Mheshimiwa, ana mdomo huyu. Nilitaka Gairo ikamfunze adabu."

Wakili wa serikali akashika kichwa.

"Ulimsikiliza kwanza?"

"Nimsikilize mara ngapi? Mkutanoni aliyekuwa anasema ni yeye tu!"

Kicheko kikapasuka chumba kizima. Hata karani aliinamia meza. Jaji akangoja kitulie, kisha akasema kwa upole kwamba uhamisho ni wa kazi, si fimbo. Mtu akituhumiwa huambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujibu. Cheo ni dhamana ya watu, hakigeuzwi rungu la mwenye nacho. Uhamisho akaubatilisha.

Nje vigelegele vilisikika mpaka sokoni.

"Haya, kitanda kichwani!" alipaza Mwanaidi.

"Ngoja tupumzike kidogo," alisema Asia.

"Utapumzikia zahanati, mama. Njoo!"

Asia alifanya kazi Luhangazi mpaka alipostaafu. Godoro lilirudishwa. Richard aliitwa, akasikilizwa, akapelekwa Ngerengere kusimamia ghala, na watu wa huko walielewana naye vizuri. Vijaya aliendelea na uwakili Dar es Salaam. Mwanaidi alizaa tena, msichana, akamwita Asia. Jaji alihamia Mwanza. Tetea alibaki mjini kwa mzee Chandulal, ambaye alikuwa hali nyama, na kuku huyo akafa kwa uzee.